Mama Yuko Wapi Siku ya Tohara?

Masomo: Luka 1:57–64, Kumbukumbu la Torati 16:9–16, Matendo ya Mitume 16:1–3

Namshukuru Mungu kwa ushirika wa Bungoma ambako nilihudumu juma lililopita, na kwa ninyi wa Kitale mliokuja Jumapili hii licha ya ile mvua. Neno hili nimelihubiri mara mbili, huko na hapa, kwa sababu swali niliulizwa mara mbili, na waliouliza hawajuani.

Mnajua mwaka huu ni mwaka wa tohara. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, Agosti ikikaribia, barabara ya kutoka Kitale kupita Kiminini na Kamukuywa mpaka Webuye na Bungoma inabadilika sauti. Vijana wanatembea na chinyimba mikononi, wakienda kualika watu wa ukoo. Nyimbo zinasikika mchana na usiku. Huko Kimilili, Chwele, Sirisia na Kabuchai, hakuna asiyejua kinachoendelea. Na hapa Trans Nzoia, ambapo Mbukusu anakaa ua mmoja na Mteso, Mturkana, Msabaoti, Mkikuyu na Mkisii, hata asiyehusika anaamshwa na nyimbo hizo alfajiri.

Sasa swali ni hili: Mchungaji, mwanamke aliyeokoka ana nafasi gani katika sherehe hii? Wengine wanasema, hana. Tohara ni mambo ya wanaume, akae jikoni apike. Wengine wanasema, dunia imebadilika, acha wamama waingie kila mahali, hata mtoni. Na wengine ndani ya kanisa wanasema, hayo yote ni ya shetani, tufunge mlango tusiulize. Mimi nataka tufungue Biblia kwanza, kabla hatujafunga mlango.

Tuseme ukweli kuhusu sherehe yenyewe. Si kweli kwamba mwanamke hayumo. Dada za kijana ndio wanaomsindikiza wakiimba. Senge, yaani shangazi, ana heshima yake. Kijana anakwenda kwa khocha, mjomba wake, na mjomba huyo ni ndugu ya nani? Ni ndugu ya mama! Unga ni wa mama. Sukari ni ya mama. Kuku anayechinjwa alilelewa na mama. Lakini alfajiri kijana anapopelekwa mtoni kupakwa matope, mto ni wa wanaume. Sioyaye inapoimbwa wakirudi, ni sauti ya wanaume. Na penye uamuzi, yaani nani atakata, lini, wapi, kwa kisu gani, hapo ndipo mama anaambiwa: "Wewe subiri huko, haya si yako."

Kuna mama mmoja mjane, anaishi upande wa Kiminini. Jina lake silitaji, na mkimjua msimtaje. Mume alifariki watoto wakiwa wadogo. Kijana wake mkubwa alipofika wakati wake, wazee wa ukoo walikuja kutoka upande wa Bungoma wakakaa sebuleni. Walikuwa na mpango kamili. Mama aleta chai, akaambiwa kiasi cha mchango wake: ng'ombe mmoja, magunia ya mahindi, na pesa za mahema. Akakubali yote. Kisha akasema neno moja: "Huyu mtoto aling'olewa jino akavuja damu siku mbili. Naomba apelekwe hospitali, daktari amwangalie kwanza." Wakamjibu, "Mama, hayo ni mambo ya wanaume."

Umeona hapo? Ng'ombe wake ni jambo la ukoo. Mahindi yake ni jambo la ukoo. Lakini anachokijua kuhusu damu ya mtoto wake, hicho si jambo la ukoo. Baba yake kijana hayupo kusema. Aliyekaa macho usiku ule wa jino ni mama peke yake. Kama mama akinyamaza, nani atasema?

Mungu ni mwema. Baba mdogo mmoja, mtu ambaye hata hajaokoka, alisimama akasema, "Shemeji amesema kitu. Tumsikilize." Kijana akapelekwa hospitali, akapimwa, madaktari wakakuta kweli damu yake haigandi haraka, wakajitayarisha, akatahiriwa, akapona. Leo ni kijana mrefu anayenipita. Lakini mimi najiuliza, na wale ambao hawakuwa na baba mdogo wa namna hiyo?

Basi tuingie kwenye Neno.

Jambo la kwanza: Mungu aliita wanaume kwenye sikukuu, lakini meza aliiandalia nyumba yote.

Fungua Kumbukumbu la Torati 16. Ukisoma mstari wa 16 peke yake, utasema sikukuu za Israeli zilikuwa za wanaume. Mungu anaagiza kwamba mara tatu kwa mwaka wanaume wote waonekane mbele zake. Watu wengi wanasimama hapo. Lakini rudi nyuma, mstari wa 11 na wa 14. Hapo Mungu anahesabu watakaofurahi: wewe, mwana wako, binti yako, mtumishi wako wa kiume na wa kike, Mlawi, mgeni, yatima, na mjane. Mjane ametajwa! Wajibu wa kwenda aliwawekea wanaume, furaha akaiweka kwa wote.

Na wanawake walielewa hivyo. Hana alipanda kwenda Shilo mwaka kwa mwaka, na ni pale pale kwenye sikukuu alipomlilia Mungu akapewa Samweli. Kuhani alimdhania amelewa. Alikuwa mahali ambapo watu hawakumtarajia, akifanya kitu ambacho hawakukielewa, lakini Mungu alimsikia. Mariamu mama wa Yesu, Luka 2:41, alikuwa akipanda na Yusufu kwenda Yerusalemu kila mwaka wakati wa Pasaka. Yesu alipofika miaka kumi na miwili, umri ule ule wa vijana wetu wengi wanaotahiriwa, alipopotea, ni mama aliyesema naye hekaluni. Yusufu alikuwepo, lakini maneno tuliyoandikiwa ni ya mama.

Jambo la pili: Siku ya tohara yenyewe, mama alikuwa na neno.

Luka sura ya kwanza. Elisabeti amejifungua uzeeni. Siku ya nane majirani na jamaa wamekuja kumtahiri mtoto. Hii ni sherehe ya tohara, wapendwa, na watu wamejaa. Na kama kawaida ya ukoo, wana mpango tayari: mtoto aitwe Zakaria, jina la babaye. Mama anasema hapana, ataitwa Yohana. Watu wanasema nini? Wanamwambia hakuna mtu wa jamaa yako mwenye jina hilo. Yaani, mama, umetoa wapi hayo? Kisha wanampita, wanaenda kumwashiria baba. Anaomba kibao, anaandika kwamba jina lake ni Yohana. Na papo hapo kinywa chake kinafunguliwa.

Hebu mwambie jirani yako: Elisabeti alisema kwanza. Jina alilolitaja halikuwa ubishi wake. Lilikuwa neno la Mungu kupitia Gabrieli. Ukoo ulikuwa na mila nzuri ya kuheshimu jina la baba, na Mungu hakuitukana mila hiyo. Lakini neno la Mungu lilikuwa limekwisha kutoka, na katika chumba kile chote mwenye kinywa cha kulisema alikuwa mama. Wababa, angalieni Zakaria. Hakuona aibu kukubaliana na mke wake mbele ya ukoo. Hakusema, "Nitaonekana nimekaliwa." Aliandika lile lile. Na ulimi wake ukafunguliwa siku hiyo, akaanza kumsifu Mungu.

Tena kuna Zipora, Kutoka 4:24–26. Musa yuko njiani kwenda Misri, kazi kubwa ya Mungu iko mbele yake, lakini nyumbani kwake jambo la agano halijafanywa. Mauti inaingia pale walipolala. Ni Zipora anayechukua jiwe kali na kumtahiri mwanawe, na Musa anaachiliwa. Sasa msiende Bungoma mkasema mchungaji amewatuma wamama wachukue kisu! Sijasema hivyo. Nasema hivi: mwenye nyumba alipochelewa, Mungu hakuukataa mkono wa mama. Hakumwambia, "Haya ni mambo ya wanaume."

Jambo la tatu: Mama hatoshi peke yake, na kanisa lisimwache peke yake.

Hapa nataka wamama pia wanisikilize vizuri, kwa sababu Neno linakata pande zote mbili. Matendo 16. Timotheo mama yake ni Myahudi aliyeamini, baba yake ni Myunani. Tukisoma 2 Timotheo 1:5 tunaona imani yake ilianzia kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Wanawake wawili wamemlea kijana katika Maandiko tangu utoto. Kazi kubwa! Lakini Timotheo alikuwa hajatahiriwa. Nani alikuja akasimama naye? Paulo. Mtu wa kanisa, si ndugu wa damu. Akamtwaa, akamtahiri, akatembea naye, akamwita mwanangu.

Eunike alifundisha, Paulo akasimama. Kijana anahitaji vyote viwili. Mama mjane, mama anayelea peke yake, usijaribu kuwa baba. Huwezi, na Mungu hakudai hivyo kwako. Lakini ninyi wazee wa kanisa, mnaojua kuomba kwa sauti kubwa, mko wapi Agosti? Kijana wa mjane akikosa mwanaume wa Mungu wa kusimama naye, atasimama na yeyote atakayempata. Na huyo yeyote atamfundisha uanaume wake yeye: pombe, matusi, na kudharau mama yake mwenyewe. Kijana anaingia kumbini akimwita mama, anatoka akimwita "huyu mwanamke." Nani amemfundisha hayo? Ni sisi tuliokosekana.

Sasa wengine wanangoja niseme mipaka. Ninaisema.

Kushiriki si kushiriki kila kitu. Kuna nyimbo za usiku ambazo mtu wa Mungu hawezi kuziweka kinywani. Watu huniambia, "Mchungaji, wakataze wasichana wasiende kule usiku." Nawakataza. Mabinti wengi wameharibiwa katika misafara ile, shule ikaishia hapo. Lakini kwa nini mnaniomba niwakataze wasichana tu? Wimbo mchafu hausafiki kwa kuimbwa na mwanaume. Busaa haigeuki kuwa maji ikinywewa na mzee. Kama ni dhambi kwa binti, ni dhambi kwa kaka yake na kwa baba yake. Na kafara za kuwaomba waliokufa wamlinde mtoto, hizo hatushiriki, awe mwanaume awe mwanamke. Mtoto wetu analindwa na damu ya Yesu.

Tena kushiriki kwa mwanamke hakuna uhusiano wowote na kukeketa wasichana. Wako watu wanaochanganya mambo haya wakisema, kama wavulana wanatahiriwa, wasichana nao wapate yao. Hapana. Mungu alimwagiza Abrahamu kuhusu wanaume, hakuna mstari hata mmoja wa kumkata binti. Na sheria ya Kenya ya 2011 imeupiga marufuku ukeketaji. Kwa ndugu zetu wa upande wa Mlima Elgon na Pokot, hili tulisema na tutaendelea kulisema.

Na kuna ushiriki mwingine wa wanawake ambao lazima niutaje, ingawa si mtamu. Mnakumbuka Agosti 2014, wanaume walivyokamatwa na kutahiriwa kwa nguvu pale Moi's Bridge? Habari ilisambaa dunia nzima, na ilisemekana wake zao ndio waliotoa siri. Dada yangu, ukigombana na mume wako ambaye ni Mturkana au Mteso, ukatoka nje ukatangaza mambo ya chumbani ili umati uje umshike, umeshiriki tohara, ndiyo, lakini umeshiriki kama Delila. Soma Wagalatia 2:3. Tito alikuwa Myunani, na mitume hawakumlazimisha kutahiriwa. Kama Paulo, aliyemtahiri Timotheo, hakukubali Tito alazimishwe, umati wa Kitale umepata wapi mamlaka? Na kwa watoto, Sheria ya Watoto ya 2022 inakataza tohara ya kulazimishwa. Tohara ya nguvu si mila wala si Biblia. Ni jeuri.

Basi tutafanya nini? Nimekaa na wazee wa ushirika wa Kitale na wa Bungoma, na tumekubaliana mambo manne kwa Agosti hii.

Kwanza, kila kijana wa kanisa apelekwe hospitali. Shirika la Afya Duniani lilisema tangu 2007 kwamba tohara inapunguza hatari ya mwanaume kuambukizwa virusi vya UKIMWI na mwanamke kwa karibu asilimia 60. Inapunguza, haiondoi! Na faida hiyo yote unaitupa ukitumia kisu kimoja kwa vijana kumi. Mzee anayetaka ujasiri wa kijana wake aonyeshwe, aje aone ujasiri wa kijana anayesema hapana kwa dhambi.

Pili, kabla ya siku hiyo, mama asikilizwe. Kama mtoto ana ugonjwa wa damu, kifafa, au dawa anayotumia, mama au mlezi aseme, na wazee waandike. Hata Katiba yetu ya 2010 imempa mama na baba wajibu sawa juu ya mtoto, wawe wameoana au hawakuoana.

Tatu, kila kijana asiye na baba apewe mzee mmoja wa kanisa wa kusimama naye, na si kwa siku moja tu. Atamtembelea akiwa kumbini, na atajua anaendeleaje shuleni mwaka ujao.

Nne, siku ya kutoka, ibada ya shukrani iwe ya nyumba yote. Mama atasimama mbele pamoja na baba au yule mzee, ataweka mkono juu ya mwanawe, atambariki kwa kinywa chake. Kijana atasikia, mbele ya wanaume wote, kwamba kuwa mwanaume si kumwacha mama yake nyuma. Wale waliosema kwangu kwamba hilo litamwaibisha kijana, nawaambia, Yesu akiwa msalabani, katika uchungu kuliko wa kisu chochote, alimwangalia mama yake na kumpa mahali pa kukaa. Huyo ndiye mwanaume wetu wa mfano.

Namalizia na hili. Tohara ya mwili ni ya wanaume tu. Hilo hakuna anayebishana. Lakini Wakolosai 2:11 inatuambia kuna tohara isiyofanywa kwa mikono, tohara ya Kristo, kuuvua mwili wa dhambi. Hiyo ni ya nani? Ni ya kila mtu! Katika hiyo hakuna anayebaki jikoni. Hakuna mto wa wanaume na ua wa wanawake. Maji ya ubatizo ni yale yale. Mzee mwenye rika lake, uwe Mmaina, uwe Mnyange, uwe Mkikwameti, kama moyo wako haujatahiriwa, mbele za Mungu bado wewe ni kijana asiyetahiriwa. Na bibi kizee aliyempokea Yesu ametahiriwa kuliko wewe.

Kama unasoma karatasi hii nyumbani na moyo wako haujakatwa bado, usingoje Agosti. Mahali ulipo, omba nami:

Bwana Yesu, nakuja kwako kama nilivyo. Ondoa ugumu wa moyo wangu. Nisamehe dhambi zangu, nioshe kwa damu yako. Wakumbuke vijana wetu wote msimu huu, walinde, wawe wanaume wa kukucha wewe. Wakumbuke mama zao, hasa wajane, usikie wanayoyasema. Utuinulie wazee wa kusimama nao. Katika jina la Yesu, amina.

Maswali ya ushirika wa nyumbani:

1. Katika Luka 1, kwa nini majirani walimpita Elisabeti wakaenda kwa Zakaria? Je, sisi tunafanya hivyo wapi?

2. Ni kijana gani katika eneo lenu asiye na baba, na ni mzee gani atasimama naye? Taja majina, mpeleke kwa mzee wa kanisa kabla ya Jumapili ijayo.

3. Ni jambo gani la sherehe tunalowakataza mabinti na kuwaachia wavulana? Biblia inasemaje?

Mungu awabariki. Tuonane katika maombi ya Ijumaa.